Kadi ya USB 3.0 ya kuchomeka kwenye sloti ya ExpressCard: nimeitumia kwenye ThinkPad X220 yenye Linux, haya ndo niliyoyaona

Kwa mwenye haraka: nunua. Kadi inafanya kazi, Linux inaitambua yenyewe bila kuinstoo draiva yoyote, na kama una ThinkPad ya mwaka 2011 au karibu na hapo hela yako haijapotea. Ila usibebe ya kwanza utakayoonyeshwa, maana hizi kadi kwa nje ni mapacha afu ndani kila kiwanda kimeweka chake, na hiyo tofauti ndo itaamua kama utaichomeka ukaendelea na maisha yako au utakesha na taminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Nianze na laptopu kwanza. Mi natumia X220, zile ndogo za inchi 12.5, used, ukizunguka Kariakoo hukosi kuziona na ukizoea kibodi yake kuhamia laptopu nyingine ni shida. Betri unachomoa unaweka nyingine, diski unafungua skrubu moja tu imetoka, ndani unaweka SSD ya kawaida ya SATA na inakimbia vizuri tu mpaka leo na Debian, moja ya matoleo ya Linux. Shida yake kubwa ni moja, USB. Matoleo ya i7 yana poti moja ya USB 3.0, yetu sisi wengine wa i5 poti zote ni 2.0, na USB 2.0 hata kama kwenye karatasi wameandika megabiti 480, kwenye maisha halisi unapata megabaiti 30 na kitu kwa sekunde, 40 ukiwa na bahati.

Sasa mi nashuti video za harusi na send-off, kazi moja inaweza kuwa gigabaiti 200 kirahisi tu, na sheria yangu ni kwamba hakuna kinachofutwa kwenye laptopu kabla hakijakaa sehemu mbili za nje. Piga hesabu mwenyewe, gigabaiti 200 kwa spidi ya 35 ni zaidi ya saa moja na nusu kwa kopi moja, na umeme ukikatika katikati ya zoezi na betri yenyewe imezeeka unaanza kuomba dua. Kununua laptopu nyingine kwa sababu ya poti tu niliona ni ujinga wakati huo ule mdomo mpana wa pembeni upo wazi unakusanya vumbi.

Huo mdomo watu wengi wanadhani ni wa memori kadi kubwa au ya kamera za zamani. Hapana, hiyo ndo sloti ya ExpressCard, waliitoa chama cha PCMCIA, wale wale wa zile kadi nene za kwenye laptopu za miaka ya 90, mwaka 2003 wakaja na hii kama mrithi wake. Raha yake ni kwamba ndani ya sloti kuna njia mbili, moja ni PCI Express halisi ya leni moja, ile njia ya kasi inayounganisha vifaa vya ndani ya laptopu, na nyingine ni USB 2.0 ya kawaida, kadi inachagua itumie ipi. Modemu nyingi za 3G za zamani zilikuwa zinapita kwenye ile ya USB. Kadi ya USB 3.0 ya kweli lazima ipite kwenye PCI Express, na nasema ya kweli kwa sababu zipo kadi ambazo ndani ni habu tu ya USB 2.0 imevalishwa poti za bluu. Kuitambua ni rahisi, ukiichomeka ukaandika kwenye taminali `lspci`, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI, na haionekani kabisa ila kwenye `lsusb`, ya kuorodhesha vya USB, imetokea habu mpya, mrudishie mwenyewe hapo hapo, hiyo haitakuongezea spidi hata kidogo.

Angalizo kwa wenye laptopu za zamani zaidi, zile za T42 na wenzake, sloti yenu ni CardBus, pini 68, kadi hii haiingii na wala usilazimishe. Huko ni dunia nyingine yenye draiva yake `yenta_socket` na amri yake `pccardctl`, na kwa kweli watengenezaji wa kerneli, kile kiini cha Linux, wanazidi kufagia draiva za kadi za namna hiyo, toleo la 6.4 la mwaka 2023 waliondoa kundi zima, kwa hiyo kama una kifaa cha kule na kinafanya kazi kaa na kerneli yako ya zamani kwa amani.

Turudi kwenye kadi. Niliyonunua mimi haina jina la kampuni, boksi jeupe, poti mbili, upana milimita 34. Sloti ya X220 ni milimita 54 kwa hiyo kadi ya 34 inaingia ila inabaki na nafasi pembeni, inacheza cheza. Wengine wanakupa kile kiplastiki cha pembe tatu cha kujazia, mi nilipewa, kama hujapewa kidai. Kadi zenyewe ziko za aina mbili kwa umbo, kuna zinazozama zote ndani unabaki unaona poti tu, na kuna zinazotokeza nje kama sentimita tatu hivi. Yangu inatokeza. Mwanzoni niliona ni mbaya ila nina sababu ya kuipenda hiyo nayoieleza kwenye mambo ya umeme, tatizo lake ni moja tu, huwezi kuiacha imechomekwa ukaweka laptopu kwenye begi ukapanda nayo daladala, utavunja sloti.

Kuiweka kwenye Linux sasa. Zima laptopu, ingia BIOS kwanza, ile mipangilio ya laptopu kabla Linux haijawaka, uhakikishe sloti haijafungwa, kwenye Security kuna sehemu ya I/O Port Access na humo utakuta ExpressCard, laptopu nyingi zilizotoka maofisini huko Ulaya walikuwa wanafunga vitu kama hivi na anayekuuzia wala hajui. Ukiwa humo humo BIOS, kwenye Config angalia spidi ya ExpressCard, weka Automatic, usiiache kwenye Generation 1. Nitaeleza kwanini. Chomeka kadi, washa, afu andika `lspci -nn | grep -i usb`. Kwangu ikaja hii: Renesas uPD720202, namba 1912:0015. Ukiona hivyo, sehemu ngumu imeisha. Hakuna sidii ya draiva, hakuna kudaunilodi kitu. Watu wanasahau kwamba Linux ilikuwa na USB 3.0 tangu kerneli 2.6.31 ya mwaka 2009, wakati Windows 7 ilitoka bila msaada wake kabisa ikabidi kila mtengeneza chipu aweke draiva zake, mpaka Windows 8 mwaka 2012 ndo ikaja nayo ndani. Hiyo sidii ndogo iliyomo kwenye boksi kaitundikie kwenye mti ifukuze ndege.

Baada ya hapo chomeka SSD ya nje kwenye poti ya kadi na uandike `lsusb -t`. Tafuta kifaa chako kwenye ule mti wake, pembeni kiwe kimeandikwa 5000M, hiyo ndo spidi ya USB 3.0 kwa megabiti. Kikiandikwa 480M basi ama kebo yako ni ya USB 2.0 ama haijaingia vizuri, na hizi poti za kadi za bei rahisi zinabana, sukuma mpaka isikike imekaa.

Sasa ile habari ya chipu. Hizi kadi zina chipu za aina nyingi, utakuta Renesas, VIA, ASMedia, Fresco Logic, na zamani kidogo NEC ambayo ndo baba yao Renesas. Mi nakushauri Renesas uPD720202, na sio kwa sababu haina kasoro, ni kwa sababu kasoro zake zinajulikana na zimeandikwa ndani ya kerneli. Kasoro yenyewe ni hii: chipu hii haiamki bila fimweya, yaani programu ndogo ya kuiendesha yenyewe. Kadi iliyotengenezwa vizuri ina kichipu kidogo cha pembeni cha kuhifadhi hiyo fimweya, umeme ukiingia chipu inajisomea yenyewe na wewe hujui kitu. Kadi ya kubana bei hawaweki hicho kichipu, wanategemea draiva ya Windows ndo iipakie fimweya kila laptopu inapowaka. Yangu ina kichipu. Ya jamaa yangu tunayefanya nae kazi, amenunua sehemu nyingine kwa bei ya chini kidogo tu, haina.

Kwake ikawa hivi, `lspci` inaionyesha kadi vizuri kabisa namba zile zile 1912:0015, ila ukichomeka flashi kimya, hata taa haiwaki. Ukisoma kumbukumbu za kerneli kwa `sudo dmesg | grep -i -e xhci -e renesas` unakuta inalalamika imeshindwa kupakia `renesas_usb_fw.mem`, eror -2, maana yake faili halipo. Kabla ya mwaka 2020 kerneli yenyewe isingekusaidia hapo, ila kuanzia kerneli 5.8 kuna kipande kinaitwa `xhci-pci-renesas` kazi yake ni hiyo tu, kuipakia fimweya kwenye chipu za namna hii. Tatizo faili lenyewe haliji kwenye pakiti za kawaida za fimweya za Linux, ni mambo ya leseni, kwa hiyo unalitafuta mwenyewe, watu wa Arch, toleo jingine la Linux, wanalo kwenye AUR, ghala la pakiti za watumiaji wenyewe, kwa jina la `upd72020x-fw`. Ukilipata unaliweka `/lib/firmware/`, kwenye Debian na Mint unaandika `sudo update-initramfs -u` ili liingizwe na kwenye vile vitu vinavyopakiwa mwanzo kabisa, unazima laptopu kabisa, sio kuristati, unazima, unawasha. Ya jamaa ikaamka. Lakini jiulize, hiyo tofauti ya bei aliyookoa imemlipa nini, na kila akibadilisha diski au akiinstoo upya lazima akumbuke faili lile.

Ndo maana nasema kama duka liko karibu nenda na laptopu yako mwenyewe. Mwambie winga mapema kabisa kwamba utajaribu kabla ya kulipa, akianza kusema "bosi hii ni plug and play haina shida" mwambie sawa, basi ichomekwe tuone. Dakika mbili tu zinatosha, `lspci`, `lsusb -t` na flashi moja ya USB 3.0 mfukoni. Flashi ikisoma 5000M lipa. Kama unaagiza mtandaoni huna namna hiyo, soma maelezo, yule anayeandika jina la chipu waziwazi ni afadhali mara nyingi kuliko yule anayeandika "high speed" na picha ya roketi.

Umeme. Hapa ndo watu wengi wanailaumu kadi na wengine wanailaumu Linux na wote wanakosea. Poti ya USB 3.0 kwa kanuni inatakiwa itoe hadi miliampia 900 kwa volti 5, yaani wati 4.5, poti mbili ni wati 9. Sloti ya ExpressCard yenyewe kwanza haina volti 5, ina 3.3 na 1.5, na kwenye ile 3.3 kanuni inaruhusu ampia moja tu kwa wastani. Jumlisha zote unapata wati 4 na ushee, hapo chipu yenyewe haijala, na kuipandisha 3.3 iwe 5 nako kuna kinachopotea njiani kama joto. Kwa hiyo kadi peke yake haiwezi kulisha hata poti moja kwa ukamilifu. Hiyo haina dawa ya programu, hata ubadilishe kerneli mara ngapi.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Flashi, kipanya, kisoma kadi, SSD ndogo isiyo na tamaa, vinaenda poa bila msaada. Ila hadidiski ya nje ya kuzunguka, zile za terabaiti moja mbili, pale inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa mpigo, kadi inaishiwa, diski inazima, inajaribu tena, unasikia tik, tik, tik, na kwenye `dmesg` unaona USB disconnect zimejipanga foleni. Mtu akiona hivyo anakwambia diski imekufa. Haijafa, ina njaa. Na usiiache iendelee hivyo maana kukatika katika umeme wakati wa kuandika ndo kunaua kweli.

Dawa ni kile kitundu kidogo cha duara pembeni ya kadi, cha kuingizia volti 5 kutoka nje. Ndo sababu napenda zinazotokeza, zilizozama zote ndani nyingi hazina nafasi ya kuweka hicho kitundu. Kwenye boksi kuna kakebo upande mmoja USB upande mwingine pini nyembamba, wao wanataka uchomeke kwenye poti nyingine ya laptopu, unaweza, hasa ile poti ya njano inayotoa umeme hata laptopu ikiwa imezimwa, ila mimi nimehamia kwenye pawabenki na sijarudi nyuma. Pawabenki inailisha kadi, diski ya terabaiti mbili inazunguka bila kelele, na umeme wa TANESCO ukienda zake mimi naendelea na kopi. Tahadhari moja naomba uisome mara mbili: hizo pini nyembamba zinafanana na za adapta za ving'amuzi na ruta, na nyingi kati ya hizo ni volti 12 au 9. Usijaribu. Volti 5 tu, vinginevyo utachoma kadi, diski, na pengine na laptopu juu yake.

Spidi nayo ina siri yake, na hapa narudi kwenye ile ya BIOS. Sloti ikiwa Generation 1 leni moja inabeba megabaiti 250 kwa sekunde kwenye karatasi, ukitoa gharama za njiani unabaki na kama 190 hivi. Ikiwa Automatic na laptopu yako ni ya kizazi cha X220 au T420 inapanda Generation 2, mara mbili yake. Kuhakikisha andika `sudo lspci -vv -s 05:00.0 | grep LnkSta`, hiyo 05:00.0 ni ya kwangu, weka ya kwako unayoiona kwenye `lspci`, na ukiona 5GT/s umefika, ukiona 2.5GT/s rudi BIOS. Wenye X200 na T400 hamna cha kurudia, zenu zinaishia 2.5, lakini hata hivyo 190 ukilinganisha na 35 bado unashukuru.

Kwangu kutoka SSD ya ndani kwenda SSD ya nje inakaa juu ya 300, mafaili makubwa ya video haishuki sana. Ile kazi ya gigabaiti 200 sasa inaisha ndani ya dakika kumi na kidogo, naenda kuchemsha chai narudi imeisha. Mafaili madogo madogo, mapicha elfu kadhaa, inashuka kama kawaida. Na usitarajie miujiza kwenye vitu ambavyo vyenyewe ni vya taratibu, hadidiski ya kuzunguka inaishia 100 na kitu hata uichomeke wapi, na kadi za SD za kawaida zinaishia kwenye 90 hivi kwa kusoma. Kama kazi yako yote ni kutoa picha kwenye SD faida utaiona ila sio ya kuruka ruka.

Kasha la SSD nalo linaweza kukuletea tabu ambazo utadhani ni za kadi. Linux ikikuta kasha linalojua UAS, njia mpya zaidi ya kupitisha data kwenye diski za USB, inatumia draiva ya `uas` badala ya `usb-storage`, ni nzuri zaidi kwa spidi, ila kuna makasha yanasema yanajua UAS na hayajui vizuri, katikati ya kopi kila kitu kinaganda sekunde thelathini afu linajiristati. Kama linakufanyia hivyo chukua namba za kasha kutoka `lsusb`, ongeza kwenye mipangilio ya GRUB, kile kinachoiwasha Linux, `usb-storage.quirks=` ikifuatiwa na namba hizo, nukta pacha na herufi u, fanya `sudo update-grub`, ristati. Spidi inapungua kidogo, kuganda kunaisha.

Kuchomeka wakati laptopu imewaka. Kwa nadharia inatakiwa iende yenyewe, `pciehp` ndani ya kerneli ndo mlinzi wa huo mlango, na mara nyingi inaenda. Kuna siku haiendi, unachomeka na hakuna kinachotokea, hapo huna haja ya kuristati, andika `echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan` kadi inaibuka. Andika hivyo hivyo na tee, ukiandika `sudo echo 1 >` itakukatalia ruhusa na utaanza kumtafuta mchawi. Kuchomoa nako kuna adabu zake, kwanza anmaunti diski, yaani itenganishe na mfumo, afu iambie kerneli iiachie kadi kwa `echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:05:00.0/remove`, ndo uivute. Ukiivuta tu kibabe laptopu haitalipuka lakini chochote kilichokuwa kinaandikwa umekiaga.

Kitu kingine kilichonisumbua kidogo ni betri. Mi natumia programu ya TLP kuokoa chaji, na laptopu ikiwa kwenye betri inaruhusu vifaa vya PCI vilale vikiwa havina kazi. Kadi ikilala haiamki ukichomeka flashi. Ukiwa kwenye chaji kila kitu safi, ukitoa chaji poti zimekufa, na kichekesho ni kwamba ukiandika `lsusb` ili uangalie tatizo, ile `lsusb` yenyewe inaiamsha kadi na flashi inatokea, kwa hiyo kila ukitaka kumwonyesha mtu shida haipo. Suluhisho fungua `/etc/tlp.conf`, tafuta `RUNTIME_PM_DENYLIST` uweke "05:00.0" yaani namba ya kadi yako, afu `sudo tlp start`. Inakula chaji kidogo zaidi. Ndo maana nikiwa sina kopi ya kufanya naitoa kabisa kwenye sloti.

Na usifunike laptopu ikalala wakati diski ipo maunti. Ndani ya kerneli chipu hii imeandikiwa kabisa kwamba laptopu ikiamka kontrola ianzishwe upya kutoka sifuri, kwa hiyo kilichochomekwa kinajitambulisha upya na ile kopi iliyokuwa inaendelea haipo. Kama unataka kopi ya usiku zima kwanza kulala kwa kifuniko.

Joto lipo, kadi inapata moto wa kushikika, sio wa kuunguza, kadi ya chuma nzima ni afadhali kuliko yenye mfuniko wa plastiki.

Bei mi imenitoka elfu arobaini na kitu pamoja na kusafirisha, ukipata chini ya hapo na ina kitundu cha umeme na chipu imeandikwa, beba. Ila kama bado huna laptopu na ndo unaenda kununua used leo, usinunue X220 ukiwa na mpango wa kuongeza kadi, chukua X230 au T430, zile za mwaka uliofuata, zina USB 3.0 mbili tayari kwenye bodi na hutahitaji chochote nilichoandika hapa zaidi ya kile cha makasha. Kibodi yake ndo ya mtindo mpya, wengine haiwapendezi. Mimi mmojawapo, ndo maana niko hapa nacheza na kadi.

Nyota nne. Moja nimeitoa kwa sababu ya kile kikebo cha umeme kilichokuja kwenye boksi, kifupi mno, hakifiki hata upande wa pili wa laptopu, nikatafuta kingine mtaani. Ukienda kununua pima pini kabla hujaondoka, kuna unene tofauti tofauti na kwa macho huwezi kujua.